Televisheni Bila Sauti, Redio Kando Yake

Mgeni akiingia nyumbani kwa ami yangu, mtaa wa Kibokoni hapa Mombasa, siku ya mpira, hustaajabu. Televisheni imewashwa, wachezaji wanakimbia, refa anapuliza kipenga, lakini haitoi sauti hata kidogo. Sauti yatoka kwenye redio iliyowekwa kando yake juu ya meza ileile, nayo yasema Kiswahili. Mgeni hudhani televisheni imeharibika, na mara nyingine husema kwa adabu kwamba yuko fundi amjuaye. Hapo watu wote hucheka, naye ami humkaribisha kahawa na kumwambia, "Keti, mwanangu. Haikuharibika. Macho tumeyapa kazi yake, na masikio tumeyapa yake."

Wasomaji wengi wa mwambao hawahitaji kuelezwa desturi hii, kwani wameikuta majumbani mwao au barazani. Hata hivyo nimeona ni afadhali niiandike, kwa sababu katika miaka hii ya ving'amuzi ilikuwa nusura itoweke nyumbani kwetu, na lau ingetoweka isingeondoka peke yake. Ingeondoka na mtu.

JINSI TULIVYOANZA

Ami alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, akiendesha winchi. Katika ujana wake alikuwa mtu wa uwanjani. Aliishuhudia timu ya Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na mpaka leo ukiutaja mwaka huo mbele yake, ujue kahawa itapoa kabla hajamaliza. Kisha akapatwa na presha ya macho. Nuru ilimpungua kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1985 hakuwa akitambua ila tofauti ya mchana na usiku. Aliacha kazi. Aliacha pia kwenda uwanjani, si kwa kuwa mpira ulimchosha, bali alisema hataki watu wamtazame yeye badala ya kutazama mchezo.

Mwaka uliofuata, mwanawe mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Maskati alileta televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Katika kichochoro chetu ilikuwa ya pekee. Siku ya mpira majirani walijaa sebuleni, viatu vikajaa mlangoni, na wanawake walifuata mchezo kutoka chumba cha ndani. Ami alikuwa akiketi nasi kwenye kiti chake cha mikono, tasbihi mkononi, na kila mara akiuliza, "Nani ana mpira? Uko wapi?"

Ilikuwa Agosti 1987, wakati wa Michezo ya Afrika iliyofanyiwa Nairobi, katika uwanja wa Kasarani uliokuwa mpya kabisa. Kenya ilikuwa ikicheza. Mtangazaji wa televisheni alitangaza kwa Kiingereza, na hata sisi wanafunzi tuliokifahamu tuligundua kwamba hasemi mengi. Alitaja jina la mchezaji, akanyamaza. Akataja jingine, akanyamaza tena. Na kwa nini aseme zaidi? Watazamaji wanajionea wenyewe.

Ami alivumilia mpaka mapumziko. Kisha akasema, "Mtu huyu hasemi na mimi. Yuwasema na macho yenu."

Akaitisha redio yake ya National yenye mfuko wa ngozi, akatafuta Sauti ya Kenya kwa vidole, akaiweka juu ya meza. Kwa muda kidogo watangazaji wawili wakawa kama wanagombana, huyu Kiingereza, huyu Kiswahili. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na televisheni. Nikanyosha mkono, nikazungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho wake. Chumba kizima kikasikia sauti moja tu, na macho yetu yakaona yaleyale ambayo masikio ya ami yalisikia. Kipa alipoudaka mpira, sisi tulitikisa vichwa na yeye akatikisa chake, kwa wakati mmoja. Hakuuliza tena uko wapi.

Fainali ya michezo ile Misri ilitufunga bao 1-0, na huzuni tuliigawana sawasawa.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ya tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, Gor Mahia ilipokutana na Esperance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Mandela. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikuwa imekwisha kwa sare ya 2-2. Ami alikuwa amepiga hesabu yake mapema na akatueleza: sare ya 0-0 au 1-1 yatutosha, kwa sababu mabao mawili ya ugenini yana uzito, sare ya 2-2 yaturudisha mwanzo, sare ya mabao zaidi ya hayo yawapa wao kombe. Mchezo ukaisha 1-1, na Gor Mahia ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara la Afrika. Sisi wa Mombasa tuna timu zetu na mabishano yetu, lakini usiku ule Kibokoni hapakuwa na bishano.

KAZI YA MTANGAZAJI WA REDIO

Baada ya miaka mingi ya kusikiliza namna hii, nimefahamu kwa nini sauti ya redio hupendeza juu ya picha ya televisheni. Mtangazaji wa redio huwa ameingia kazini akijua kwamba msikilizaji wake haoni chochote. Kwa hiyo hana budi kumjengea uwanja mzima kichwani. Lazima aseme mpira uko upande gani, kulia au kushoto. Ni umbali gani kutoka langoni. Nani anao, nani anamkabili, nani ameachwa peke yake akingojea pasi. Lazima arudie matokeo mara kwa mara, kwa sababu kila dakika yuko mtu anayefungua redio wakati huo. Lazima ataje dakika. Akinyamaza sekunde tano, msikilizaji hudhani betri zimekwisha.

Mtangazaji wa televisheni hana mzigo huo. Picha humfanyia kazi. Ndiyo maana huongeza maneno ya kando: mchezaji huyu alinunuliwa kwa fedha ngapi, kocha huyu alifukuzwa wapi. Hayo nayo yana ladha yake, lakini si mpira unaochezwa.

Ukiviunganisha hivi viwili, kila kimoja humsaidia mwenziwe. Kamera hufuata mpira. Mtangazaji aliyeko uwanjani huona hata pasipo na mpira. Hukwambia kwamba mchezaji wa akiba amevua fulana ya mazoezi, au mshika kibendera anaitwa na refa, na wewe hujaona lolote. Nayo picha humrudisha mtangazaji kwenye ukweli pale anapotia chumvi. Maana watangazaji wetu, Mungu awazidishie, hawakosi chumvi. "Shuti kali sana, limepita sentimita chache tu juu ya mtambaa panya!" Ami hugeuka na kuuliza, "Kweli, wanangu?" Nasi humjibu, "La, ami, huo mpira watafutwa barabarani." Basi hucheka mpaka akajifuta macho. Tulikuwa mashahidi wake, na yeye alipenda kuwa na mashahidi.

Kisha kuna lugha yenyewe. Huo mtambaa panya nilioutaja ni boriti ya dari, ile ambayo kila mtoto aliyelala nyumba ya kizamani amesikia panya wakipita juu yake usiku. Watangazaji wakautwaa wakaufanya mwamba wa goli. Vivyo hivyo tukajua kuotea, mpira wa adhabu, chenga ya mwili, kumi na nane. Hakuna mwalimu aliyetufundisha maneno hayo darasani. Tuliyapata sebuleni, na kwa kuwa picha ilikuwa mbele yetu, hatukuhitaji kuuliza maana. Neno na kitendo vilikuja pamoja.

Hapa siwezi kupita bila kumtaja Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa chetu. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na wengi wanamkumbuka kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Uungwana?". Lakini kwa watu wa mpira alikuwa sauti ya uwanjani kwanza. Alipofariki Februari 2025, ami aliomba azimiwe redio zote nyumbani kwa saa nzima. Mkewe akamwambia kwamba mtu wa redio haagwi kwa kuzima redio. Ami akafikiri kidogo, akasema ni kweli, zikawashwa tena.

MIAKA YA KING'AMUZI

Msomaji huenda akauliza: ilikuwaje sauti na picha zikaenda pamoja namna hiyo, hali zilitoka mitambo miwili mbalimbali? Jibu ni kwamba mitambo ile ya zamani haikuwa na pa kuchelewa. Mawimbi ya redio na ya televisheni husafiri kwa mwendo wa mwanga, kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa, safari hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kamera iliona, mtambo ukarusha, televisheni ikaonyesha. Mtangazaji alisema, na redio ikasema. Vyote vikafika kwetu kama mapacha.

Kisha yakaja madishi, na baadaye ving'amuzi. Mapema mwaka 2015 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa hapa Kenya, na kila nyumba ikalazimika kununua king'amuzi. Watu husema kuchelewa kwa picha kunatokana na setilaiti iliyo mbali angani. Ni kweli iko mbali, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, lakini kupanda na kushuka huko ni robo ya sekunde tu. Kinachochelewesha zaidi ni kazi ya kuikunja picha. Mtambo huikusanya, huibana ili ipite katika nafasi ndogo pamoja na stesheni nyingine nyingi, huituma, na king'amuzi nyumbani huipokea, huihifadhi kidogo, kisha huikunjua. Kila hatua inakula muda wake, na mchezo ukitoka nchi ya mbali hatua huongezeka. Redio ya kawaida ya FM haina safari hiyo ndefu. Kwa hiyo, mtangazaji akiwa uwanjani, au akiwa studio na picha iliyopokewa upesi kuliko yetu, redio hutangulia.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulinunua king'amuzi, tukakifunga, tukapunguza sauti ya televisheni kama kawaida, ami akafungua redio yake. Mchezo haujafika mbali, redio ikapiga kelele, "Gooo!" Ami akainua mikono. Sisi tukatazama televisheni: mpira uko katikati ya uwanja, mchezaji anafunga kamba za kiatu. Tukasubiri. Zikapita sekunde kama saba ndipo bao likafungwa mbele yetu, nasi tulikuwa tumekwisha kuambiwa. Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa kama kuletewa barua iliyofunguliwa.

Mjukuu wake mmoja, wakati huo mtoto wa miaka kumi na miwili, akasema, "Babu, zima hiyo redio, inaharibu mchezo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtoto, naye alisema lililokuwa nyoyoni mwetu sote. Nami nilikuwa mtu mzima pale na sikumkataza. Ami hakujibu neno. Aliizima redio mwenyewe, akakaa mpaka mwisho wa mchezo akisikiliza Kiingereza cha televisheni. Mechi iliyofuata alitoka na redio yake, akaketi barazani nje.

Huko alikaa miaka saba. Kombe la Dunia la mwaka 2018 alilisikiliza barazani, ukuta mmoja kati yake na sisi. Wapita njia walimsalimu, muuza kahawa alimwekea kikombe, na mtu asiyejua angesema mzee amejipumzikia. Lakini mkewe hakudanganyika. Siku moja alinivuta kando akaniambia, "Nyumba hii sasa ina mipira miwili, wa ndani na wa nje. Huyo wa nje anacheza peke yake."

JUMANNE MOJA YA NOVEMBA

Tarehe 22 Novemba 2022, Saudi Arabia ilicheza na Argentina huko Qatar. Mchezo ulianza saa saba mchana. Sote twajua yaliyotokea: Messi alifunga penalti mapema, na ikadhaniwa kwamba safari ya Saudia imekwisha. Kisha, katika kipindi cha pili, Saleh Al-Shehri alisawazisha, na dakika chache baadaye Salem Al-Dawsari akazungukazunguka katika kumi na nane na kupiga shuti lililoingia pembeni.

Sisi tulikuwa ndani. Kabla Al-Dawsari hajaugusa mpira ule, tulisikia takbiri nje barazani, sauti ya ami, peke yake. Vijana wakaguna, "Ah, ami!" Bao likaja, wakashangilia kwa nusu moyo. Nilichungulia dirishani. Mzee alikuwa amesimama, mikono juu, akigeuka huku na huku kutafuta mtu wa kumkumbatia. Kichochoro kilikuwa kitupu, kwani kila mtu alikuwa ndani ya nyumba akitazama televisheni.

Nikaona haya. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo, na sisi tulikuwa tumemwachia mzee wetu kizuri akile peke yake barazani.

Usiku huo nilikwenda kumwomba radhi. Nikamwambia arudi ndani, redio na yote, na atakayenuna atanuna na mimi. Ami akacheka. Akasema, "Nitarudi kwa sharti langu, si lenu. Redio nitaivaa sikioni kwa kile kidude cha kusikilizia, na nikijua kabla yenu, nitanyamaza. Siri ya mtu ni amana, na siri ya sekunde saba si mzigo."

MAGHARIBI YA TAREHE 10 DESEMBA

Basi siku Morocco ilipocheza na Ureno kuwania kuingia nusu fainali, ami alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, kidude kimoja sikioni. Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni. Ilipoadhiniwa magharibi tulikwenda msikitini sote, na tuliporudi mchezo ulikuwa umekaribia dakika ya arubaini, bado 0-0.

Tukaketi. Tasbihi ya ami ilikuwa ikienda punje kwa punje kama kawaida yake. Mara ikasimama. Uso haukubadilika, mdomo haukufunguka, lakini vidole vilikuwa vimeganda juu ya punje moja. Yule mjukuu, sasa kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameketi miguuni pake. Akaiona ile tasbihi. Akanitazama. Nami nikaitazama televisheni: mpira ulikuwa ukipigwa krosi kutoka kushoto, Youssef En-Nesyri akaruka juu kuliko kipa, akapiga kichwa, wavu ukatikisika.

Nyumba ilipasuka kwa takbiri, na mara hii ami alikuwa ndani ya kelele zile. Morocco ilishinda 1-0, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika na ya kwanza ya Waarabu kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Lakini kila jambo lina mkia wake. Kuanzia kipindi cha pili hakuna kijana aliyeitazama televisheni. Wote walikuwa wakitazama vidole vya ami. Akijikuna tu, watu wanaruka. Mwishowe yule mjukuu akasema, "Babu, siri yako imevuja. Wacha nitafute njia nyingine."

DAWA YENYEWE

Njia aliyoitafuta naieleza hapa kwa faida ya wasomaji, maana si ghali. Alikuwa akisomea kompyuta, na nyumbani kulikuwa na kompyuta kuukuu. Alichukua waya, akauchomeka katika tundu la redio la kidude cha sikioni, upande wa pili akautia katika kompyuta. Humo aliweka programu inayoipokea sauti, kuishika kwa sekunde unazotaka, kisha kuitoa kwenye spika. Redio inasema sasa, sebule inasikia baadaye.

Sekunde ngapi? Hapo ndipo penye ufundi, nao mtu yeyote aweza kuufanya. Mchezo unapoanza, sikiliza kipenga cha refa redioni na uanze kuhesabu. Acha kuhesabu unapomwona refa akipuliza na mpira ukiguswa katika televisheni. Hesabu hiyo ndiyo unayoiweka katika kompyuta. Usidhani ya wiki iliyopita itafaa wiki hii, kwani stesheni moja huchelewa kuliko nyingine. Ukikosa kipenga cha mwanzo, ngoja kona au kipenga cha mapumziko.

Wako wanaosikiliza redio kwa simu kupitia intaneti. Hao mara nyingi hupata kinyume chake, sauti ikawa nyuma ya picha. Dawa yao ni nyepesi zaidi ikiwa king'amuzi chao ni cha aina inayoweza kusimamisha picha: wasimamishe kidogo mpaka sauti ifike, kisha waachilie, na vyote vitakwenda pamoja.

Siku hizi zipo mechi ambazo televisheni yenyewe inazitangaza kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuru sana. Lakini naomba nisieleweke vibaya. Mtangazaji wa televisheni, hata asemapo Kiswahili safi, bado anasema na macho. Kwa mtu kama ami, haja haiishi kwa kubadilisha lugha. Haja yake ni mtu anayetangaza akijua kwamba yuko msikilizaji asiyeona. Ving'amuzi hivi vina uwezo wa kubeba sauti zaidi ya moja juu ya picha moja, na mtazamaji akachagua kwa rimoti. Wenye stesheni wakitaka, wanaweza kuiweka sauti ya redio iwe ya pili, tayari imelinganishwa na picha, na nyumba kama yetu isihitaji waya wala kompyuta. Naliacha mbele yao.

SEKUNDE ZILIZOUZWA

Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na tarehe 10 Harambee Stars ilikutana na Morocco, Kasarani. Ami alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, maana ni Morocco hiyohiyo aliyoililia kwa furaha mwaka 2022, ingawa wachezaji ni wengine. Nikamuuliza yuko upande gani. Akanijibu, "Kule walikuwa ndugu zetu. Leo wamekuja nyumbani kwetu, na mgeni hukirimiwa kwa chakula, si kwa mabao."

Televisheni ilikuwa bila sauti. Spika ilikuwa kando yake. Mjukuu alikuwa amehesabu kipenga, akapata sekunde sita. Ami alikuwa hana kidude sikioni wala redio mkononi; alikuwa akisikia pamoja nasi, si kabla yetu. Nilimwambia kwamba amekubali kupoteza kitu, maana zamani alikuwa wa kwanza Kibokoni kujua. Akasema, "Nimeuza sekunde zangu, mwanangu, nimenunua nafasi ya kuketi."

Kabla ya mapumziko, mpira ukiwa bado mbali na lango la Morocco, tulisikia kelele kubwa kutoka kichochoroni. Muuza kahawa alikuwa na redio yake, na redio yake haikuwa na waya wa kuichelewesha. Vijana wakashika vichwa. Ami akanyosha mkono juu kama refa, akasema, "Tulieni. Lao limekwisha, letu laja."

Likaja. Ryan Ogam alifunga, mtangazaji akalia, sisi tukaruka, na ami akasimama mikono juu kama siku ile ya Jumanne barazani. Mara hii hakugeuka kutafuta mtu. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kumkumbatia kabla hajajaribu. Kipindi cha pili Kenya ilicheza ikiwa na watu kumi, ikashikilia bao lake hilo moja mpaka mwisho.

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee ambaye siku ya mpira huchukua redio yake akatoka nje, usiseme ndivyo apendavyo. Mfuate barazani umuulize. Na ukirudi naye ndani, usisahau kuhesabu kipenga.